Anayeijenga injini nyumbani aanze na mikromita

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowagusa wasomaji wengi wapenda magari, yaani kuifungua injini nyumbani na kuijenga upya kwa nia ya kuiongezea nguvu farasi na kuifanya idumu. Kazi hiyo inawezekana, nami nawaunga mkono wote wanaoithubutu. Kinachonisikitisha ni kuona injini zikifunguliwa kwa ari kubwa, zikafungwa kwa vipuri vipya, kisha zikaanza kugonga au kula oili muda mfupi baadaye, kwa sababu tu aliyezifunga hakupima. Watu hutafuta kwanza kemshafti kali (mhimili unaofungua valvu) na pistoni za kuongeza mgandamizo. Mikromita, yaani kifaa cha kupimia unene na kipenyo kwa usahihi mkubwa, huja mwisho, au haiji kabisa.

Kupima kunaanza kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa. Mgandamizo wa kila silinda ukipimwa, na iliyo dhaifu ikatiwa oili kidogo kupitia tundu la plagi kisha ikapimwa tena, fundi hupata fununu ya mahali pa kuangalia: kipimo kikipanda, ringi au ukuta wa silinda umechoka, kikibaki palepale, shaka inahamia kwenye valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda). Wakati wa kufungua, kila kifuniko cha beringi kuu na kila kifuniko cha konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti, mhimili mkuu wa injini) kitiwe alama ya namba yake na upande wake, kwa maana vilichongwa vikiwa vimefungwa mahali pao na haviazimani nafasi.

Silinda ndiyo hudanganya macho kuliko kitu kingine. Inaweza kung'aa na kuonekana nzima, kumbe imeliwa zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeuza safari yake, penye joto kali na oili haba. Kwa hiyo hupimwa juu, katikati na chini, na katika kila kina hupimwa mara mbili, sambamba na krenkishafti na kwa kuikingama. Tofauti ya juu na chini huonyesha silinda ilivyopanuka upande mmoja wa urefu wake. Tofauti ya vipimo viwili vya kina kimoja huonyesha kwamba uduara wake umepotea. Ringi mpya haiwezi kuziba vizuri ndani ya tundu lililopoteza uduara. Uchakavu ukizidi kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, bloki ipelekwe karakana ya kuchonga, maana hapo hakuna ujanja wa nyumbani unaofaa, na hakuna aibu yoyote katika kulikubali hilo.

Beringi nazo zina hesabu yake. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba mwanya wa oili uwe karibu sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo ya krenkishafti (sehemu yake inayozunguka ndani ya beringi), yaani shingo ya milimita 50 huhitaji kama milimita 0.05, ingawa neno la mwisho ni la kitabu cha injini husika. Mwanya huo unaweza kupimwa mezani kwa uzi laini wa plastiki uliotengenezwa kwa kazi hiyo: uzi hulazwa juu ya shingo iliyofutwa oili, kifuniko hukazwa kwa toki kamili (nguvu ya kukazia iliyowekwa), kisha hufunguliwa bila krenkishafti kuzungushwa, na upana wa uzi uliobanwa hulinganishwa na kipimo kilichochapwa kwenye pakiti yake. Mwanya ukiwa mdogo mno, utando wa oili hauna pa kukaa. Ukiwa mkubwa mno, oili huvuja pembeni na shinikizo lake hushuka.

Ringi za pistoni hupewa heshima ndogo kuliko zinavyostahili. Kila moja iingizwe katika silinda itakayofanyia kazi, isukumwe kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, kisha mwanya wa ncha zake upimwe kwa filageji (vibati vyembamba vya kupimia mianya). Kwa injini ya kawaida isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), silinda ya milimita 86 huhitaji ringi ya juu yenye mwanya wa kama milimita 0.35, na injini yenye tabo huhitaji zaidi kwa sababu joto lake ni kubwa. Mwanya ukiwa mdogo, ncha hukutana injini inapopata moto, na ringi iliyokosa pa kutanukia hukwaruza ukuta wa silinda au huvunja pistoni.

Sasa niseme juu ya nguvu. Wapo wanaoamini kwamba kuchonga silinda kwa saizi inayofuata kutaibadilisha gari yao. Silinda ya milimita 86 ikichongwa hadi 86.5, ujazo wake huongezeka kwa zaidi kidogo tu ya asilimia 1. Huo ni ukarabati. Kupandisha uwiano wa mgandamizo kutoka 9 hadi 10 huleta kama asilimia 3 katika hesabu za kinadharia, na huenda kukadai petroli ya okteni ya juu zaidi ili injini isigonge. Faida kubwa iko kwenye hedi, ambako hewa huingia na kutoka: valvu zinazokaa barabara kwenye viti vyake, na njia za hewa zinazolingana na gasketi na manifoldi bila kingo za kuukwaza mkondo. Anayetaka kupata nguvu kwa kuongeza mizunguko akumbuke kwamba nguvu za kuivuta na kuisukuma konrodi hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka mizunguko 6,000 hadi 7,000 kwa dakika, kasi imepanda kwa kama asilimia 17, lakini mzigo huo umepanda kwa asilimia 36. Bolti za konrodi ndizo zinazoubeba, na ndiyo maana sikubali kwamba nguvu na uimara ni mambo mawili yanayoshindana.

Bolti zikazwe kwa spana ya toki, kwa hatua na kwa mpangilio wa kitabu, na zile zilizoundwa kurefuka zinapokazwa zisitumiwe tena. Silinda zilizopigwa honi (kusuguliwa ndani kwa jiwe maalumu) zioshwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha zipakwe oili papo hapo kabla ya kutu kuanza. Kuzifuta kwa petroli peke yake huacha unga wa jiwe la honi katika mikwaruzo, na unga huo utazila ringi mpya tangu dakika ya kwanza.

Baada ya kufunga, injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krenkishafti ili kuhakikisha valvu hazigongani na pistoni. Plagi zikiwa nje, stata izungushe kwa vipindi vifupi hadi shinikizo la oili lionekane, ndipo iwashwe. Isiachwe ikiunguruma muda mrefu bila mzigo, kwa kuwa ringi hukaa vizuri gari linapopewa mafuta kiasi na kuachiliwa, kwa zamu, barabarani. Oili ya kwanza imwagwe mapema, filta yake ikatwe na karatasi ikunjuliwe kwenye mwanga: vumbi dogo la chuma si ajabu, lakini vipande vinavyong'aa vya beringi vinamaanisha injini ifunguliwe tena kabla ya safari nyingine.

Msomaji wako,
Fundi wa injini