Bagamoyo haimaliziki kwa nusu siku

Ndugu Mhariri,

Masika yamekwisha, shule zimefunga, na kila kwaya, kila kikoba na kila ukoo hapa Dar es Salaam unapanga safari ya Bagamoyo. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya nao wanaanza kuingia, kwani huko kwao sasa ni kiangazi na likizo. Nafurahi sana. Ila naomba nafasi niseme na wanaozipanga safari hizi, maana mwaka jana mwanangu alikwenda na shule yake, na aliporudi nikamuuliza ameona nini. Akanijibu, "Mama, bahari haikuwepo."

Basi lao liliondoka saa 4 asubuhi. Foleni ikawashika Tegeta, ikawashika tena Bunju, wakafika mchana wa jua kali. Wakala wali, wakapitishwa mbio kwenye makumbusho, kisha wakaketi ufukweni wakitazama tope. Saa 9 wakageuza.

Mtoto hakusema uongo. Ufukwe wa Bagamoyo ni mlalo, hauna kina. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji huendelea kupwa hadi kama saa 4 asubuhi na kwenda mbali mno, mashua zikabaki zimelala ubavu mchangani. Ikifika saa 10 alasiri yamerudi, yamejaa tele. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na kupwa jioni. Mvuvi yeyote atakwambia hayo akihesabu tu siku za mwezi. Sisi wa mjini tunakodi basi, tunaagiza vyakula, tunashona na sare, lakini hatuulizi bahari itakuwa wapi.

Mwaka huu nikaipanga safari mwenyewe, na nikachagua siku ya bamvua makusudi. Tulikuwa mimi, wanangu wawili na wifi yangu aliyekuja kutoka Ujerumani. Saa 12 alfajiri tulikuwa kituo cha mabasi cha Makumbusho, tukapanda gari la kwanza, na kabla jua halijachoma tulishavuka Mto Mpiji.

Tulianzia Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Huko ndiko nasisitiza watu waanzie, tena asubuhi, kukiwa bado na ubaridi wa kipupwe. Wengi hupaacha hadi mwisho, wakati watoto wamechoka, au hawafiki kabisa. Ni magofu ya misikiti miwili na makaburi ya mawe ya matumbawe, na msikiti wa zamani zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Kwenye nguzo za makaburi kuna vishimo vya mviringo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Binti yangu aliingiza ngumi katika kimoja, ikaenea sawasawa. Akauliza bakuli ilifikaje hapa kutoka China. Muongozaji akamwonyesha mikoko upande wa bahari, akamweleza kwamba hapo palikuwa bandari, mikoko na mchanga vikaijaza, na watu wakahamia Bagamoyo. Kisha tukauzunguka mbuyu mkubwa, ambao wenyeji husema anayeuzunguka huongezewa umri. Tulikaa saa mbili na hakuna aliyelalamika.

Misheni ya Kikatoliki nayo ipewe muda wake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Ila kilichonigusa zaidi ni kanisa dogo la zamani, ambako mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulilazwa usiku mmoja Februari 1874. Watoto shuleni husoma habari za Livingstone. Naomba wazazi wawasimulie habari za Chuma na Susi, watumishi wake, walioongoza wenzao kuubeba mwili ule kwa miezi 9, zaidi ya kilomita 1,500, kutoka Chitambo, ambayo leo iko Zambia, hadi ufukwe huu. Mwanangu wa kiume alisimama pale mlangoni, akaniuliza kama walilipwa.

Kuna jambo jingine nisilotaka lipite. Watoto wengi hurudi wakijua tu kwamba Bagamoyo ni "bwaga moyo", yaani mateka alipofika hapa alikata tamaa. Biashara ya utumwa ilipita hapa kweli, na ni lazima isemwe. Lakini wengi wa walioshuka na misafara kutoka Ujiji na Tabora walikuwa wapagazi wa ujira, hasa Wanyamwezi, waliobeba pembe za ndovu mabegani kwa miezi kadhaa. Kwao kubwaga moyo kulikuwa ni kupumzika: wamefika, wametua mzigo. Mpelekeeni mtoto maana zote mbili pale Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, asibaki na moja.

Boma la Wajerumani tulilipita haraka, ingawa wifi alitaka picha. Mji huu ulikuwa makao yao makuu mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam.

Saa 10 tukashuka soko la samaki. Maji yalikuwa yamejaa, mashua zinaingia, wavuvi wanateremka maji yakiwa kiunoni na ndoo vichwani, na mnada umeanza. Kando, akina mama wanakaanga changu na pweza kwenye makarai ya mafuta. Tulikula tumesimama, watoto wakaogelea mpaka vidole vikanyauka.

Kwa wanaopanga: bebeni kitambulisho, maana mwananchi hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Mchukueni muongozaji wa palepale, mpatane bei kabla. Msafiri atakayefika mchana, afadhali achague sehemu mbili tu azione vizuri.

Na kwako Mhariri, nina ombi. Gazeti lako huchapisha hali ya hewa kila siku. Tafadhali, kila Ijumaa msimu huu wote, wekeni pembeni yake saa za maji kupwa na kujaa kwa Jumamosi na Jumapili. Mistari miwili inatosha.

Wako,
Mama wa watoto wawili,
Kijitonyama, Dar es Salaam