Malalamiko kuhusu gari la "toleo maalum" nililouziwa

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kisumu.

14 Oktoba 2025

KUH: TOYOTA HIACE SUPER GL "DARK PRIME" YA MWAKA WA 2018

Bwana Meneja,

Tarehe 6 Septemba nililipa yadi yenu shilingi 4,350,000 kwa gari lililotajwa hapo juu. Kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka yadi tatu hapa Kisumu na moja Nakuru. Super GL ya kawaida, ya mwaka huohuo na yenye injini hiyohiyo ya dizeli ya lita 2.8, nilikuwa nikiuziwa 3,900,000. Hizo laki nne na nusu za juu nilizitoa kwa sababu moja tu: mlinihakikishia kwamba hii ni Dark Prime, toleo maalum la Super GL.

Mimi hupamba harusi. Wiki nzima gari hubeba mahema, vitambaa na maua, kisha Jumamosi husafishwa na bibi harusi akapanda humohumo. Nilitaka gari lenye nafasi nyuma na lenye heshima ndani. Dark Prime, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka wa 2016, hutoka kiwandani na grili ya kromu ya rangi ya moshi, dari jeusi, urembo wa mfano wa mbao za mkangazi, na viti vya kitambaa na ngozi bandia. Kijana wenu wa mauzo alinionyesha hivyo vyote kwa kidole, kimoja baada ya kingine, nami nikamwamini.

Wiki ya tatu nililipeleka kuoshwa Kondele. Maji ya presha yalipogonga grili, rangi nyeusi ilibanduka kama maganda ya kitunguu, na chini yake ikang'aa kromu nyeupe, ileile ya Super GL ya kawaida. Nilijiambia labda liligongwa Japani wakabadilisha grili. Hilo ningelimeza.

Jumamosi iliyofuata, bibi harusi aliinama kushuka mbele ya kanisa na shela yake ikagusa dari. Ilitoka na mstari mweusi wa urefu wa kiganja. Mama yake alijaribu kuufuta kwa kitambaa chenye maji, ukazidi kuenea. Sitasahau uso wa yule msichana.

Jumatatu fundi wa bodi alifungua taa ya darini akaniita nitazame. Pembeni mwa tundu, mahali ambapo rangi ya kupuliza haikufika, kitambaa cha dari ni cha kijivu. Ule mkangazi wa kando ya swichi za madirisha ni karatasi ya kubandika, na pembe moja imeshajikunja kwa jua. Viti vimevikwa kava tu.

Sina ugomvi na Super GL ya kawaida. Gari hili linavuta vizuri, mlima wa Riat haulisumbui hata likiwa na mzigo. Mngeniambia ukweli na bei ya kweli, pengine ningelinunua vilevile. Kinachoniuma ni kwamba kuna mtu aliyepulizia dari rangi makusudi ili mimi nidanganyike.

Mlisema gari lilitoka mnadani. Nimeomba karatasi ya mnada, ile inayoeleza gari lilivyokuwa lilipouzwa huko, mara mbili: kwanza nikaambiwa iko Mombasa, kisha nikaambiwa wateja hawapewi. Naambatisha picha ya kibati cha kiwandani chenye msimbo wa rangi na wa upambaji wa ndani wa gari, pamoja na risiti yenu iliyoandikwa "Dark Prime" kwa mkono. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo.

Ndani ya siku 14 nataka karatasi ya mnada, shilingi 450,000, na 12,000 nilizolipia shela. Kama hamtaki hivyo, chukueni gari mnirudishie pesa zangu zote. Mkinyamaza, nitaenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na nitaiandikia Mamlaka ya Ushindani.

Jana nimepita getini kwenu nikaona HiAce nyingine imesimama na bango lilelile la Dark Prime. Kabla hamjaiuza, fungueni taa ya darini mnunuzi akiwa amesimama hapo.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Kisumu