Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mtihani ukifutwa, mtoto arudishiwe penseli

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: WATOTO WA DARASA LA SABA WANAOFUTIWA MATOKEO

Mheshimiwa Waziri, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa 19 sasa. Mtihani wa darasa la saba nimeusimamia mara nyingi, katika shule za wenzangu kama utaratibu unavyotaka. Naijua bahasha inavyokatwa mbele ya watoto, naujua ukimya wa chumba kizima kinaposiliba, yaani kupaka penseli kwenye herufi ya jibu, na mtoto anayepiga chabo namtambua kwa shingo kabla hajageuza macho. Sitetei wizi wa mtihani hata kidogo. Nafasi ya shule ya bweni iliyopatikana kwa majibu ya kuletewa amenyang'anywa mtoto mwingine aliyesoma kwa mwanga wa kibatari.

Ninakuandikia kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu.

Siku matokeo yalipotoka tulikuwa uani, tumekaa mkekani, yeye kashika simu yangu kwa mikono miwili. Aliishusha orodha ya shule yao kwa kidole, akaipita namba yake, akarudi juu, akashuka tena polepole. Shule nzima ilikuwa imefutiwa. Hakulia. Alinitazama akasema, "Mama mkubwa, mimi nilisiliba mwenyewe."

Baadaye tukaja kujua kwamba asubuhi ya siku ya pili ya mtihani kulikuwa na karatasi ya majibu chooni, na aliyeiweka hakuwa mtoto. Wako walioiona, wako ambao hawakufika huko kabisa. Nilimwamini mtoto wangu, tena si kwa sababu ya damu tu. Jioni ya Hisabati alirudi nyumbani amenuna, akachukua kijiti akaandika chini, kwenye vumbi, lile swali la sehemu lililomshinda, akataka nimwoneshe alipokosea. Mwenye majibu mfukoni hana haja ya kuuliza hayo.

Hakuna aliyemuuliza neno. Hakuna karatasi iliyofika nyumbani kumweleza kosa lake. Mama yake alikwenda shuleni, shule ikamwelekeza kata, kata ikamwelekeza halmashauri, na huko akaambiwa kwamba hayo ni maamuzi ya juu. Leo binti huyo yuko kwa fundi cherehani. Anashona sare za shule.

Mheshimiwa, Sheria ya Baraza la Mitihani, Sura ya 107, pamoja na Kanuni za Mitihani za mwaka 2016, zinalipa Baraza mamlaka ya kufuta matokeo ya udanganyifu. Mamlaka hayo yabaki, nayaunga mkono. Lakini matangazo ya Baraza husema "waliobainika", na mimi nauliza: mtoto wa miaka 13 anabainikaje bila kuitwa, bila kusikilizwa? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inampa kila mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale chombo chochote kinapoamua juu ya haki zake, na inampa pia haki ya kukata rufaa. Haikuweka umri.

Baraza lenyewe lina njia nzuri ya kuwatambua. Hutazama mfanano usio wa kawaida wa majibu ya kukosa: watahiniwa waliokosa maswali yaleyale kwa herufi zilezile. Njia hiyo naiheshimu, kwa sababu kupata pamoja kunaweza kutokana na kufundishwa vizuri, ila kukosa pamoja, swali baada ya swali, ni vigumu kupatia maelezo. Sasa, karatasi zinazoonesha nani alifanana na wenzake zinaonesha pia nani hakufanana. Kwa nini yule ambaye fomu yake ina makosa yake mwenyewe abebe mzigo wa chumba kizima?

Na pale ambapo kweli haiwezekani kuwatenganisha, ufutwe mtihani wa kituo, kisha watoto wakae upya. Hilo Serikali imekwisha kulifanya. Oktoba 2, 2018 Baraza lilifuta mtihani wa shule zote za Halmashauri ya Chemba mkoani Dodoma, pamoja na shule kadhaa za Dar es Salaam na Mwanza. Oktoba 8 watoto walikuwa kwenye madawati wanafanya mtihani mwingine. Siku sita! Mwaka 2022 matokeo yalitangazwa Desemba 1, watoto 2,194 wakajikuta wamefutiwa, na baada ya wazazi kupaza sauti wakaruhusiwa kurudia Desemba hiyohiyo. Nilifurahi kwa ajili yao, nikaumia kwa ajili ya wetu. Mwaka ambao wazazi hawakusikika, au kituo ni kimoja tena kiko mbali na barabara ya lami, mtoto anabaki na nini? Wa kidato cha nne akikwama, kuna mlango wa mtahiniwa wa kujitegemea. Wa darasa la saba hana mlango huo.

Ombi langu ni kwamba jambo hili litoke kwenye huruma ya mwaka husika liingie kwenye kanuni. Iandikwe kwamba mtihani wa darasa la saba ukifutwa kwa kituo kizima, watoto watafanya mwingine ndani ya siku zilizotajwa, kabla ya uchaguzi wa kidato cha kwanza, chini ya wasimamizi kutoka nje ya halmashauri hiyo. Iandikwe pia kwamba mtoto aliyefutiwa peke yake apewe barua yenye sababu, kwa Kiswahili ambacho mzazi wake ataelewa, na siku za kukata rufaa zitajwe humohumo.

Kuhusu watu wazima nitasema machache, maana sheria ya kuwashughulikia ipo. Karatasi ya mtihani haitembei yenyewe. Inatoka kwenye kabati lenye ufunguo, na ufunguo uko mkononi mwa mtu mzima anayelipwa mshahara. Ila walimu wakuu nao wanasukumwa. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na nililipongeza kwa moyo wote. Huku chini ushindani haujaisha. Nimekaa kwenye kikao cha tathmini nikamwona mwalimu mkuu, mtu mwenye mvi, akiitwa mbele kukabidhiwa kinyago kwa sababu shule yake imekuwa ya mwisho. Ukumbi ulicheka. Alikipokea kwa mikono miwili, akarudi kukaa nacho mapajani mpaka kikao kikaisha. Nilijiuliza usiku ule mtu huyo ataogopa nini zaidi mwaka unaofuata, sheria au kinyago. Naomba vikao vya namna hiyo vipigwe marufuku kwa waraka.

Wakati wenyewe ni huu. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi miaka sita na elimu ya lazima miaka 10, hivyo kanuni za upimaji zitaguswa tu. Zitakapoguswa, rasimu iletwe mpaka shuleni tuisome, sisi tunaoshika bahasha na wazazi wanaosubiri orodha. Na kama haya niliyoandika yanahitaji kuthibitishwa, nitakuja Dodoma kwa nauli yangu, nije na binti yangu, aeleze mwenyewe kile ambacho hakuna aliyemuuliza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi