Kwa vijana wa bendi za Tabora: masta anabaki nayo nani?

Wanangu, mwangaluka.

Jumapili pale Ng'ambo nilimwona mwenzenu akitia saini karatasi tano za mkataba juu ya spika, hajasoma hata ya kwanza. Nikauliza, "Masta, ile rekodi mama ambayo nakala zote hutolewa humo, anabaki nayo nani?" Mkacheka. Mkasema hayo ni mambo ya kizamani, mzee. Tangu siku hiyo usingizi hauji vizuri.

Mimi nilipiga besi katika bendi ndogo. Tulirekodi nyimbo sita kwa bwana mmoja, akatupa nauli na chakula, tukashukuru. Bwana yule alipofariki, wanawe wakauza kila kitu pamoja na kanda zetu. Mwaka juzi nimepanda bajaji, nikasikia vidole vyangu mwenyewe vinalia redioni. Nililia mbele ya dereva. Ningemdai nani, na kwa karatasi ipi?

Msiseme mwenye mali akiwa serikali ndiyo salama. Warusi walikuwa na Melodiya, kampuni ya dola ya kutengeneza sahani za santuri, iliyoanzishwa 1964. Dola ya Kisovyeti ikavunjika 1991, kampuni ikabaki mikononi mwa serikali mpya, na 2020 ikauzwa kwa kampuni binafsi kwa rubo milioni 329.6, na hazina yake yote ya rekodi ndani. Kule Zagreb, Jugoton, kampuni ya rekodi ya enzi ya Yugoslavia, ikageuka Croatia Records. Poland nako, hazina ya kampuni ya rekodi ya Polskie Nagrania ilichukuliwa na kampuni ya Warner Music 2015. Siasa ikigeuka, kanda zinahama nyumba. Aliyepiga gita haitwi kwenye meza ya mauzo, na mnunuzi anasoma kilichoandikwa tu. Tulichoahidiana kwa mdomo studioni hakimo humo.

Kwa hiyo: mkataba uwe na mwisho. Majina ya wapigaji wote yaandikwe, hata wa tumba. Nakala ibaki kwenu. Kazi zisajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999.

Lawama nyingine ni yetu wazee. Mji huu umetoa Tabora Jazz na Kiko Kids, nasi tukakaa barazani kusimulia sifa zao. Hakuna aliyewaketisha ninyi akawaonyesha mkataba unavyosomwa.

Yule aliyesaini, aje kwangu Isevya leo baada ya Alasiri na zile karatasi tano. Miwani ninayo.