Wapiga picha, zimeni flashi kwenye nikahi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Juzi tulikuwa kwenye nikahi ya mdogo wangu msikitini hapa Tanga, shehe kamshika bwana harusi mkono anamtamkisha maneno, watu kimyaaa, mara flashi pwaa usoni, dogo akapotea kabisa ikabidi waanze upya. Iliniuma sana, maana na mimi kazi yangu ni hiyohiyo ya picha na najua haikuwa lazima.

Jamani lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (yaani tundu lake la kuingizia mwanga hufunguka sana) ni ya bei nafuu kuliko nyingi, fungua tundu lote, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka 3200 hata 6400, shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, weka 1/100 ya sekunde maana watu wametulia. Chengachenga, yaani vile vidoti vya kukwaruza picha, zitakuwepo, ziache, afadhali picha yenye chenga kuliko ya mtu kafumba macho. Kamera ikiwa na shata ya kimya itumie, ila taa za LED zinaweza kuchora mistari kwenye picha, ukiiona jaribu 1/100 au 1/50 kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa hupepesa kufuata umeme huo. Na kile kitaa cha kusaidia kufokasi kizime pia, watu wanakisahau kila siku!

Mimi huwa nawahi, naangalia dirisha liko upande gani, naegemea nguzo mikono isitetemeke na sitoki hapo, nasubiri shehe anyamaze kidogo ndo nabonyeza.

Na nyie wenye shughuli, mkiwa mnapatana bei na mpiga picha mwambieni kabisa hamtaki flashi.

Mpiga picha, Tanga