Risala ya wakazi wa mtaa wa nyumba za zamani, Iringa mjini, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako,
Viongozi wa dini, wazee wetu, wageni waalikwa, majirani,

Kamwene!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama. Pili tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kukubali kuketi chini ya turubai barabarani ilhali ulizoea kupokelewa ukumbini. Si kwamba tulikosa adabu, wala si kwamba tulikosa hela ya ukumbi, ingawa hilo nalo ni kweli. Tulitaka ukae hapa, uso ukiielekea nyumba yenyewe, ili tukisema "ile pale" usihitaji kuelekezwa. Ndiyo hiyo yenye baraza ndefu na milango ya kukunja ya mbao. Ukitazama juu, kwenye kipaji cha ukuta, utaona tarakimu za mwaka zilizochorwa kwa plasta: 193, na ya mwisho imebanduka. Watoto wa mtaa huu wamebishana vizazi vitatu kama ilikuwa 4 au 8. Chini yake, karibu na mlango wa kushoto, utaona herufi X ya rangi nyekundu, alama ya kubomolewa. Hiyo ni ya mwezi uliopita, na ndiyo iliyokuleta hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni majirani tu. Kikundi chetu hakina ofisi. Kina daftari, muhuri, na kabati la chuma lililohifadhiwa nyuma ya duka la mwanachama mmoja. Tulianza kukutana baada ya nyumba ya kona kuvunjwa. Jumamosi jioni tulifunga maduka nyumba ikiwa imesimama. Usiku tukasikia kijiko kinanguruma, tukadhani ni watu wa maji wanatafuta bomba lililopasuka. Jumatatu asubuhi fundi cherehani aliyekuwa akishonea kwenye baraza ile alifika na cherehani yake begani, akasimama katikati ya barabara akitazama kifusi, akauliza: "Sasa mimi nakaa wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tuliambiwa pale litapanda ghorofa lenye fremu za maduka chini na vyumba vya wageni juu. Hadi leo kiwanja kimezungushiwa mabati, ndani kuna majani ya kumfika mtu kiunoni na mbuzi wa jirani. Mlango mmoja wa nyumba ile, mbao nzito ya mninga yenye komeo la shaba lililong'arishwa na viganja vya watu, mwanachama wetu aliukuta buchani umelazwa, unakatiwa nyama. Komeo bado lipo. Mwenye bucha anasema linamsumbua wakati wa kupiga deki.

Sasa X imehamia nyumba ya pili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe si mgeni wa historia ya hapa, lakini vijana wetu wapo, tuwakumbushe. Jina la mji huu limetoka kwenye neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Ngome iliyokusudiwa ni ile ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kule Kalenga, ambayo Wajerumani waliipiga kwa mizinga wakaivunja Oktoba 1894. Mji huu wa juu ya kilima, tunamokaa sisi, ulianzishwa nao mwaka 1896, wakauita Iringa Mpya. Kwa hiyo tunaishi katika mji uliopewa jina la ukuta uliovunjwa. Hata fuvu la Mkwawa mwenyewe, aliyefariki 1898, lilikaa ugenini zaidi ya nusu karne kabla ya kurudishwa Kalenga mwaka 1954. Watu wa hapa hawahitaji semina ya kuelezwa maana ya kudai kitu cha zamani kirudi. Tunachojifunza sasa ni kukidai kabla hakijaondoka.

Na hapo ndipo tulipogonga mwamba. Tulipoanza kuhangaika na X hii tulidhani sheria itatubeba. Mwanachama wetu mmoja, karani mstaafu, akakaa usiku mzima na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Asubuhi alikuja na sura ya mtu aliyefiwa. Sheria ile inayahesabu majengo kuwa kumbukumbu ya taifa moja kwa moja kama yalijengwa kabla ya mwaka 1863. Mji wetu, Mheshimiwa, umeanza 1896. Fanya hesabu: hakuna jengo hata moja katika Iringa hii ya kilimani, si la Mjerumani, si la Mwingereza, si la Mhindi, si la Mhehe, linaloweza kuufikia mstari huo. Tumezaliwa tumechelewa miaka thelathini na tatu. Njia iliyobaki ni Waziri mwenye dhamana atangaze jengo au eneo kuwa kumbukumbu. Njia hiyo ipo na ni halali, ila haiji yenyewe. Lazima mtu aandike barua, na barua ipite kwenye meza kadhaa, na meza mojawapo ni yako.

Tuseme ukweli na upande wa pili, maana tukiuficha utausikia kwa wengine ukitoka hapa. Si majirani wote wako nasi. Wapo vijana, na baadhi ni watoto wetu wa kuwazaa, wanaouliza: "Kwani tunakula matofali?" Wanataka fremu, wanataka ajira, wanataka mji unaofanana na miji mingine. Hawajakosea kutaka. Wapo pia wazee wanaokumbusha kwamba mitaa hii ilipangwa kwa rangi za watu: Uhindini kwao, Uzunguni kwao, na Mwafrika alipita baraza hizi akiwa amebeba mzigo wa mtu. Bibi mmoja alisimama kwenye kikao chetu cha pili akasema babu yake aliruhusiwa kupanda ngazi za nyumba hii akiwa na gunia kichwani, bila gunia haruhusiwi. Tulinyamaza. Kisha tukamuuliza, sasa mama, tuivunje? Akasema: "Mtavunjaje? Nikishawaonyesha wajukuu zangu ngazi zenyewe ndipo mvunje." Hajamaliza kuwaonyesha. Wajukuu ni wengi.

Mwenye nyumba naye ana haki yake, hatumwiti adui. Unajua yaliyotokea 1971, Sheria ya Kutwaa Majengo ilipopita na nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja zikachukuliwa na serikali, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba hii ilibaki kwa mwenyewe kwa kuwa alikuwa akiishi humo na familia yake. Akafa. Warithi wakatawanyika, wengine Dar es Salaam, wengine Leicester kule Uingereza, na nyumba ikawa inaangaliwa na mlinzi na popo. Aliyeinunua juzi amekuta paa linavuja na mchwa umeingia kwenye kenchi. Mtu aliyetoa pesa yake akiona hivyo, wazo la kwanza ni kijiko. Tunamwelewa.

Ila tunajua pia kinachoziua nyumba hizi, kwa sababu nusura tuiue moja wenyewe. Mwaka wa kwanza wa kikundi tulichanga tukakarabati ukuta wa duka la mwanachama. Tukampa kazi fundi mzuri, akapiga plasta ya saruji, ukuta ukapendeza kama wa benki. Masika yaliyofuata plasta ilianza kuvimba, kisha ikaanguka kwa mabamba makubwa, na kila bamba likaondoka na uso wa tofali. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya ujenzi misheni akatucheka, kisha akatufundisha. Kuta hizi ni tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo. Zinanyonya unyevu na kuutoa, kama chungu. Ukizifunika kwa saruji umeziba pua: maji yanaingia kwa chini, hayapati pa kutokea, yanalala ndani. Dawa yake ni chokaa na mchanga, kazi ya taratibu, kila koti likauke kabla ya lingine. Na kabla ya ukuta, tazama juu. Kati ya kuta zote tulizozikagua mtaani, ugonjwa ulianzia kwenye gata lililotoboka au msumari wa bati uliopoteza kofia. Ukiziba tundu mapema, ukuta unaishi. Leo tuna vijana wanne wanaojua kuchanganya chokaa, na wawili kati yao ni wale wale waliouliza kama tunakula matofali. Sasa wanayala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi karatasi ya kubandika ukutani kisha tukalale. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na bado siku ya Krismasi ya 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilianguka, na watu wakapoteza maisha. Orodha haizibi gata. Nyumba ya zamani inataka kazi ya kufanya na mtu wa kuijibia. Boma letu hapa mjini lilijengwa na Wajerumani kama hospitali ya jeshi, likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi, na tangu 2016 ni makumbusho. Watoto wa shule wanaingia, watalii wanaotoka Ruaha wanaingia, kuna kahawa. Limesimama kwa sababu kila zama lilipewa shughuli.

Basi maombi yetu ni haya. Kwanza, kibali cha kubomoa nyumba hii kisitoke kabla haijapimwa, haijachorwa na kupigwa picha chumba kwa chumba. Hilo tuko tayari kulifanya wenyewe, tunahitaji ufunguo tu. Pili, barua ya kuomba mtaa huu utangazwe tumeshaiandika, iko kwenye bahasha ya kaki mbele yako, na tunaomba iondoke na wewe leo, isibaki mezani na chupa za maji. Tatu, na hili ndilo tunalolitilia uzito kuliko yote: tukutanishe na mnunuzi. Kiwanja hiki kina kina kirefu. Nyuma kuna uwanja mkubwa ambako zamani malori yalishusha mahindi, na leo umejaa mapipa yenye kutu. Ghorofa lake linaenea pale na nafasi inabaki. Mbele aache baraza na milango, apangishe fremu zile zile, tena kwa bei ya juu, maana hazina mfano. Fundi wa chokaa tutampa, na mwezi wa kwanza hatamlipa. Hatujawahi kukaa naye hata mara moja. Tumekuwa tukizungumza na dalali wake kwa simu, na dalali ana haraka.

Nimeambiwa dakika zangu kumi zimekwisha, Mwenyekiti ananitazama vibaya.

Desturi ni kumkabidhi Mgeni Rasmi zawadi ya kitenge au kapu. Kapu lipo, usihofu, akina mama wamelijaza viazi na parachichi. Lakini kuna kitu kingine chini ya kitambaa hapo mezani, na hicho si cha kuondoka nacho. Ni tofali tuliloliokota kwenye kifusi cha nyumba ya kona. Upande mmoja lina alama tatu za vidole. Aliyelifyatua alilishika likiwa bado bichi, likaingia tanuruni hivyo hivyo. Ni vidole vidogo, pengine vya mtoto aliyekuwa akisaidia. Kabla ya chai tunaomba uweke vyako hapo, kisha tuvuke barabara pamoja tukaione ile X.

Naomba kuwasilisha.