Barua ya Wazi kwa Watayarishaji wa Vipindi vya Watoto

Kwenu wanangu na wadogo zangu mnaotunga, mnaochora, mnaoigiza na mnaorusha hewani vipindi vya watoto,

Salamu nyingi kwenu nyote. Nimeona niwaandikie hadharani, badala ya kumwita mmoja mmoja kando, kwa kuwa malalamiko yanayonifikia kutoka kwenu yanafanana mno. Mnasema kwamba watoto wamewaacha. Wale waliokuwa wakiimba nyimbo zenu zote bila kukosea neno sasa wanahamisha chaneli mara tu wimbo wa kufungulia kipindi unapoanza, na wengine wanaapa mbele ya wenzao kwamba hawajawahi kukitazama. Kwa uchungu huo baadhi yenu mmeanza kupanga kukikuza kipindi, wahusika wavae kikubwa na waseme kikubwa, ili kiwafuate waliokwenda. Nawasihi msifanye hivyo.

Mtoto wa miaka 4 hupenda jambo lile lile lirudiwe, kwa sababu anapojua kitakachotokea, na kweli kikatokea, hujiona mwerevu. Akifika miaka 7, kujua huko huko ndiko kunakomchosha, maana sasa anatafuta asichokijua, na macho yake yamekwisha kuhamia kwa waliomtangulia. Aliyekaa katika kazi hii anafahamu kwamba watoto hutazama juu: ukimweka mhusika wa miaka 12, watakaomshabikia ni wa miaka 8, na wa miaka 12 wenyewe watakuwa wamekwenda kuangalia mambo ya vijana. Kwa hiyo mtoto anapokikana kipindi chenu hawatukani ninyi, bali anawathibitishia wenzake kwamba amevuka, na ushahidi ulio karibu naye ni kukiacha kile ambacho wote wanajua kuwa alikipenda. (Kwamba humcheka na mdogo wake anayekipenda bado ni jambo linaloniudhi, lakini hilo nawaachia wazazi.)

Mkikikuza kipindi, aliyeondoka hatarudi, kwa kuwa hakuondoka kwa sababu ya mavazi ya wahusika wala wepesi wa mizaha. Atakayepata hasara ni yule aliyefika juzi, ambaye atakuta mazungumzo asiyoyafuata na utani usiomhusu, na ambaye hana kipindi kingine kilichotungwa kwa kipimo chake. Najua mtanitajia vitabu vya Harry Potter, vilivyotoka kati ya mwaka 1997 na 2007, ambavyo mhusika wake mkuu ana miaka 11 anapoingia shuleni na 17 hadithi inapofika mwisho, na wasomaji wakakua pamoja naye. Ni kweli, lakini ile ni hadithi moja yenye mwanzo na mwisho, na kitabu cha kwanza kingali kinamngoja kila mtoto anayekuja leo. Kipindi kinachorushwa kila wiki hakina rafu ya namna hiyo. Msimu mpya huusukuma wa zamani pembeni, na mtoto hupewa kilicho kipya kwanza.

Wenye biashara walilielewa jambo hili mapema. Kampuni ya Disney ilitoa filamu yake ndefu ya kwanza ya katuni, Snow White and the Seven Dwarfs, mwaka 1937. Mwaka 1944 ikairudisha katika kumbi za sinema, na baadaye ikawa na desturi ya kurudisha filamu zake za zamani kila baada ya miaka 7 hivi. Hawakuhitaji kuibadilisha filamu, kwa sababu waliobadilika ni watazamaji: katika muda huo kundi zima lilikuwa limekua na jingine, lisiloijua kabisa, limefika mlangoni.

Wala msidhani kwamba kubaki na wadogo ni kubaki na mepesi. Sesame Street, kipindi kilichoanza Marekani mwezi Novemba 1969 kwa ajili ya watoto ambao hawajaanza shule, kimepita vizazi bila kuwafuata waliokua nacho. Mwigizaji Will Lee, aliyecheza mwenye duka Bwana Hooper, alipofariki Desemba 1982, watayarishaji wangeweza kusema kwamba Bwana Hooper amesafiri au amestaafu, na watoto wangeamini. Badala yake, mwaka uliofuata waliwaambia watoto kwa maneno ya wazi kwamba amekufa na kwamba hatarudi tena, wakamwacha kikaragosi mkubwa mwenye akili ya kitoto aulize maswali ambayo mtoto angeuliza. Sijui kazi nyingi za watu wazima zilizolisema jambo hilo kwa unyofu kama ule. Uzito mnaoutafuta kwa kuwakuza wahusika wenu ungeweza kupatikana hapo hapo mlipo, kama mngekuwa tayari kuutafutia maneno.

Tena kuna njia ya Menudo, kundi la wavulana waimbaji lililoundwa Puerto Rico mwaka 1977, ambalo kanuni yake ilikuwa kwamba mvulana akikaribia miaka 16 anampisha mdogo. Kanuni ile iliwajua wasikilizaji vizuri, ila iliwafanya waimbaji waone kukua kama kosa. Kikaragosi mnaweza kumweka katika umri ule ule miaka yote. Mtoto anayewaigizia, hapana, na aondoke kwa heshima.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni wale waliokwisha kukua. Hawa hurudi wakiwa na miaka 20 au 30, wakiwa na simu mkononi na kumbukumbu tamu, na ndio wanaowaandikia, wanaowasifu, na wanaokasirika mkibadilisha sauti ya mhusika. Mtoto wa miaka 4 haandiki chochote. Basi mnajikuta mnatunga kwa ajili ya anayepiga kelele, mnaingiza vijembe ambavyo yeye peke yake atavielewa, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu hawa wana haki ya kuheshimiwa, lakini wahudumiwe mahali pao. Steve Burns, aliyeongoza Blue's Clues, kipindi cha Marekani cha watoto wadogo, tangu mwaka 1996 hadi alipoondoka 2002, alizungumza nao katika video fupi mwaka 2021: aliwaeleza kwamba aliondoka kwenda kusoma, akataja kazi, familia na madeni yao ya masomo, akakubali kwamba mambo mengine yamekuwa magumu. Alisema nao kama watu wazima, wakati toleo jipya la kipindi, lenye mwongozaji mwingine tangu 2019, likiendelea na wadogo.

Fanyeni vivyo hivyo. Barua ya mkubwa ijibuni vizuri, kwa jina lake, nje ya kipindi. Kisha mswada wa wiki ijayo usomeni mbele ya watoto wa miaka 4 wasiowajua kabisa, na wakianza kuinuka mkiwa ukurasa wa 3, uandikeni upya ukurasa wa 3.

Wasalaam,
Mzee wenu katika kazi